Kistari Mwisho wa Mstari

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Mnaendeleaje huko? Baba ameniambia kitinda mimba wenu ameota meno na anamng'ata kila anayemkaribia. Mbusu kwa niaba yangu, ila umbusu kisogoni. Sisi huku tunapumua. Baba bado yuko kwenye cherehani yake kutwa nzima, ingawa siku hizi uzi ukichomoka humwita mtu amtungie sindano, halafu akishatungiwa hukana kabisa kwamba macho yake yamepungua. Mimi nipo palepale kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Nachapa barua za watu za kuomba kazi, na wengi wao hurudi baada ya muda kuchapa nyingine. Mwili wangu mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza. Wewe ni mwalimu, kaka, na nyie walimu hamna mazoea ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

Ule ujumbe uliomtumia baba Jumapili niliusoma mimi. Uliandika kwamba nyumba hii umeiezeka wewe kwa jasho lako, na kwamba hutaki ukija likizo na watoto umkute humu mtu aliyemwacha mama yako afe peke yake kama asiye na ndugu. Ukasema mama mdogo awe ameshaondoka kabla shule hazijafungwa. Baba alitaka nisome kwa sauti, nami nikasoma kwa sauti, na mama mdogo alikuwa jikoni anachambua mchele, mlango uko wazi. Sikujua kama amesikia mpaka nilipogeuka nikaona mikono yake imesimama juu ya sinia. Baadaye kidogo ikaendelea na kazi. Kesho yake alianza kukunja nguo zake.

Anaondoka Jumamosi ijayo. Amepata chumba cha uani kwa mwenye kiwanda cha matofali, na badala ya kodi atawapikia vibarua. Unayajua magoti yake. Kuinuka tu kwenye kigoda siku hizi anashika ukuta, sasa sufuria za watu wote wale atazinyanyua na nini? Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba vibarua wana nguvu, watamsaidia kunyanyua. Baba nikimuuliza anakanyaga cherehani kwa kasi, kama mtu anayekimbilia mahali. Kwa hiyo nimeona niseme mimi, na nakuomba unisome mpaka mahali nilipotia sahihi, hata ukitamani kuichana barua katikati.

Turudi kwenye Ijumaa ile.

Unakumbuka mama alikatwa na kipande cha bati mguuni, na kwa sababu ya kisukari kidonda kikakataa kufunga, mpaka wakampasua kukisafisha. Muda wote aliolazwa, mama mdogo ndiye aliyekuwa naye. Alikuwa analala sakafuni kando ya kitanda, kwenye kanga mbili, na wauguzi wakipita usiku walishazoea kumruka. Ijumaa asubuhi mama mwenyewe alimwambia aende nyumbani akafue, maana shuka zilikuwa zimekwisha, na akaoge vizuri kama mtu. Mama mdogo akaja kwa nia ya kurudi jioni ileile. Alikuwa ameshaanika, amekaa kibarazani anasubiri shuka zikauke, ndipo akaingia dereva wa pikipiki, yule tunayemwita Breki kwa sababu hana. Alikuwa amempeleka mtu hospitali, na muuguzi mmoja aliposikia anaishi mtaa wetu akamkabidhi karatasi. Breki alitupa ile karatasi, akasema ameambiwa atuletee, akawasha pikipiki yake akaenda. Hakuulizwa, hakueleza.

Kilikuwa ni kipande kidogo cha karatasi, chembamba, kilichokatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi kubwa. Juu kiliandikwa wodi ya mama na kitanda chake cha dirishani, na chini yake Kiingereza, maneno machache tu. Baba aliliona neno moja analolijua, charge, akasema hii ni habari ya chaji. Mama mdogo akaona inawezekana, maana simu ya mama aliiacha kwenye droo ya kitanda ikiwa imezima, na wodini hawaruhusu kuchaji. Mimi nilidhani ni gharama, wanadai kitu kingine tena. Tulikuwa tumesimama watu wazima watatu tunabishana juu ya karatasi isiyojaa kiganja. Ndipo baba akasema kwa nini tunahangaika wakati tuna kamusi yetu wenyewe, hai, inayovaa suruali. Tukakupigia wewe.

Ulikuwa kwenye chumba cha walimu, nilisikia wenzako wanacheka nyuma yako. Nilikusomea herufi moja moja, kwa sababu ukiniachia nitamke Kiingereza huwa unacheka na kusahau nilichokupigia. Nikakusomea p na t na nukta, ukasema huyo ni mgonjwa, wanamfupisha hivyo. Nikakusomea d, i, s, kisha nikakwambia mstari umeisha. Ukauliza kama baada ya s kuna kistari. Nikasema kipo, kidogo, kimelala. Hapo sauti yako ilibadilika ikawa ya darasani, na kusema kweli niliipenda. Ukatueleza kwamba kistari kile chenyewe hakina maana yoyote, ni mwandishi tu ameishiwa karatasi akalikata neno, na kwamba neno la Kiingereza halikatwi ovyo, lina mahali pake pa kukatika kati ya silabi na silabi. Nilipokusomea mstari wa chini ulifurahi, ukasema mnaona, amelikata panapostahili, huyo muuguzi kasoma. Ukatuambia tuunge vipande viwili viwe kimoja. Halafu ukalitamka lote kwa pamoja, discharge, na maana yake ukaisema kwa Kiswahili cha kumwelewesha kila mtu: ameruhusiwa.

Baba alikaa chini. Mama mdogo alijifunika uso kwa kanga.

Mbele ya neno lile kulikuwa na alama mbili za kujumlisha, nami nikakuuliza hizi nazo. Ukasema ni kama zile alama mwalimu anazoongeza kwenye daftari la mwanafunzi aliyefanya vizuri kupita wenzake, yaani mama amepona, tena amepona na zaidi. Mwisho kabisa kulikuwa na maneno ya kusema ndugu aje, na hayo hayakukupa shida. Mgonjwa ameruhusiwa, vizuri kabisa, ndugu aje amchukue. Ilikaa sawasawa. Hata sasa nikiisoma kichwani mwangu inakaa sawasawa.

Mimi nilisema labda nikimbie na karatasi mpaka kwa yule muuzaji wa duka la dawa pale njia panda, naye aiangalie kidogo. Nilisema kwa sababu ya furaha tu, nilitaka na yeye ajue. Wewe ukakasirika. Ukaniuliza kama umesoma miaka yote hiyo ili usahihishwe na muuza panadol. Tukacheka wote, nami nikaacha.

Kisha ukauliza kama pameandikwa leo. Nikakwambia hapana. Ukasema basi hakuna haja ya kukimbizana, kwa sababu wifi alipojifungua mliona wenyewe kwamba Jumamosi na Jumapili ofisi ya malipo inafungwa na hakuna anayetolewa, mnakwenda kukaa kwenye mabenchi bure. Twende Jumatatu, ukasema, nauli za siku hizo tuziweke kwa gari la kukodi, mama asipandishwe pikipiki na mguu ule. Halafu ukaomba umsemeshe mama mdogo. Nikampa simu na nikaweka sauti kubwa, kwa hiyo hili nililisikia kwa masikio yangu. Ulimwambia sasa apumzike. Ulimwambia amekesha vya kutosha, alale kitandani kama watu, mpaka Jumatatu. Alitaka kubisha kwamba mama anamngoja jioni ile, ukamwambia mgonjwa aliyeruhusiwa hana tena haja ya mlinzi, wauguzi wapo, na yeye akiugua pia nani atamhudumia mama hapa nyumbani? Akasema sawa, mwanangu. Akakushukuru. Alilia, akakushukuru tena.

Siku zile mbili nyumba hii ilikuwa na furaha ambayo sasa naionea aibu. Baba alimshonea mama gauni pana lisilobana chini, ili bandeji ipumue, na akalishona mara mbili kwa sababu la kwanza aliona shingo yake haijakaa vizuri. Tulihamisha kitanda chake tukakiweka chumba cha karibu na choo. Mama mdogo alifua mapazia yote ya nyumba, hata yale ya stoo ambayo hayaonwi na mtu. Aliimba. Jirani mmoja aliuliza kupitia ukutani kama kuna harusi. Baba akamjibu kwamba ni zaidi ya harusi.

Jumatatu tulikodi gari, tukakunja godoro dogo tukaliweka kiti cha nyuma ili mama anyooshe mguu. Mama mdogo alikuwa amelipakata gauni jipya, limekunjwa ndani ya mfuko. Tulipoingia wodini, kwenye kitanda cha dirishani alikuwa amekaa mwanamke mwingine anakunywa uji. Mama mdogo alimsalimia kwa furaha, akamuuliza kama dada yake amehamishiwa upande wa wanaoondoka. Yule mwanamke alishusha kikombe chake. Akaangalia pembeni.

Wewe uliambiwa na baba, kwenye simu, kwamba hali ilibadilika ghafla. Ndicho tulichokubaliana kukwambia. Nitakuja kwenye hilo.

Ulifika tumeshazika. Nakumbuka ulisimama sebuleni na begi bado liko begani, viatu vina vumbi la safari, ukauliza mbele ya watu wote ni nani aliyepaswa kuwa na mama. Baba alifungua mdomo. Kabla hajatoa neno, mama mdogo alisema ni mimi. Ukamuuliza alikuwa wapi. Akasema nyumbani. Ukamuuliza anafanya nini. Akasema anafua mapazia. Ulicheka, kaka. Sijawahi kukusikia ukicheka vile na naomba nisikusikie tena. Kisha ukamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu unayajua, na yeye anayajua, na watu waliokuwa wamekaa kwenye mikeka wanayajua mpaka leo. Aliyasikiliza yote akiwa amesimama. Ulipomaliza alikwenda kukuchemshia maji ya kuoga.

Tangu hapo hujamwita mama mdogo. Unamwita yule. Simu yako ikiita kwa baba, yeye huacha anachofanya akasogea karibu, asikie tu, halafu ukiuliza hali za watu wa nyumbani unataja kila mtu, hata paka, yeye unamruka. Wifi aliniambia huwa unasema ulimruhusu apumzike usiku mmoja tu, yeye akajiongezea mwenyewe. Si kweli. Ulisema mpaka Jumatatu. Sikudhani ungesahau, lakini naona mtu akiumia sana hukumbuka kile kinachomsaidia kusimama. Nimekuacha usimame hivyo muda mrefu. Sasa unasimama juu ya mtu.

Nakwambia, kaka, na nisamehe mapema.

Pale wodini alikuja muuguzi aliyeandika karatasi ile. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, macho mekundu. Alituuliza tulikuwa wapi tangu Ijumaa. Baba akamjibu kwa adabu kwamba tulisubiri ofisi ya malipo ifunguliwe, tumekuja kumchukua mgonjwa wetu aliyeruhusiwa. Muuguzi akauliza ameruhusiwa na nani. Nikaitoa karatasi kwenye mkoba nikampa. Aliusoma mwandiko wake mwenyewe. Alisoma, akarudia, kisha akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa benchi.

Alitueleza polepole, kama unavyomweleza mtoto. Alisema neno hili wodini kwao lina kazi mbili. Likiwa kwenye karatasi ya kutoka, ni ruhusa. Likiandikwa kwa habari ya kidonda, ni usaha. Mama alikuwa anatoa usaha. Zile alama mbili za kujumlisha hazikuwa sifa, ndivyo wanavyoandika kitu kikiwa kingi kupita kiasi. Usaha mwingi, ndugu aje. Daktari alipita Ijumaa mama mdogo akiwa ameshatoka, akafungua bandeji, akasema mguu ukatwe siku ileile chini ya goti, la sivyo sumu itapanda. Mama hakukataa. Alisema atatia sahihi, ila kwanza amwone mdogo wake. Alisema mguu ni wake, lakini hawezi kuuacha bila kumwona mdogo wake. Muuguzi alijaribu kupiga simu, na namba iliyokuwa kwenye faili ilikuwa ya mama mwenyewe, ile iliyozima ndani ya droo, pembeni ya kichwa chake. Basi akaandika karatasi. Aliandika Kiingereza kwa sababu ndivyo mkono wake ulivyozoea, na alidhani dereva atasema kwa mdomo kwamba ni haraka.

Jumamosi mama alikuwa bado anaangalia mlango. Muuguzi ndivyo alivyosema, alikuwa anaangalia mlango. Kila aliyeingia alimwambia mdogo wangu anakuja, kaenda kufua tu. Walimbembeleza atie sahihi, akasema wasubiri kidogo. Jumapili homa ilipanda akawa hamjui mtu, na daktari alipoamua kukata bila kungoja sahihi ya yeyote, moyo haukuweza tena. Alifariki Jumatatu kabla hakujapambazuka. Sisi wakati ule tulikuwa tunakunja godoro.

Sasa unajua. Hakuachwa na mama mdogo. Aliachwa na neno, na neno lile tulilipokea kutoka kwako.

Unajua mama mdogo alisema nini pale kwenye korido? Hakuanza na kilio. Alimnyang'anya muuguzi ile karatasi, akaikunja ndogo, akamwambia baba kwamba mwalimu asijue. Alisema kazi ya mtoto huyu ni Kiingereza, akijua hili atasimamaje mbele ya darasa, ataandikaje neno ubaoni? Alisema watauliza mlinzi alikuwa nani, na mlinzi alikuwa yeye, basi iwe yeye, yeye hana darasa. Baba alikubali kwa kichwa. Mimi wakanishika mikono wakaniapisha, na nikaapa. Ndipo mama mdogo akaanza kulia, na mfuko wa gauni bado ulikuwa kifuani mwake. Gauni lile ndilo tulilomzika nalo.

Baadaye dukani nililitafuta neno kwenye kamusi tunayoitumia kuchapia. Nilitaka nijue lina nini ndani. Limechapwa na nukta katikati, kuonyesha panapokatika, na panakatika palepale muuguzi alipolikata. Maana zake zimejaa safu nzima. Meli ikishusha shehena ni neno hilo. Bunduki ikifyatuliwa ni neno hilo. Mfungwa akiachiliwa, askari akifukuzwa jeshini, betri ikiisha nguvu, mtu akitimiza wajibu wake, mgonjwa akipewa ruhusa ya kwenda kwao. Vimefuata visawe vyake, kuachia, kutoa, kumwaga, kufungulia. Na chini, mistari michache tu chini ya ile maana yako, ndiyo ipo hiyo nyingine, inayotoka kidondani. Kwa hiyo hukudanganya, kaka, na Kiingereza chako si kibaya. Ulichukua maana ya juu kwa sababu ndiyo tuliyoitaka sote. Kama ungesema ile ya chini tungekubishia.

Siku hizi nikichapa barua, kompyuta ikafika ukingoni ikalikata neno la mtu, mkono unasimama. Bosi ananiuliza kama nalala. Narudi nyuma nalirekebisha neno liingie zima kwenye mstari unaofuata, hata kama ukurasa unaharibika. Ameshanionya.

Sikulaumu kwa neno. Nimejichunguza kwa muda mrefu na nakwambia kweli, kwa neno sikulaumu. Nakulaumu kwa kicheko kile sebuleni, na kwa kumruka mtu kwenye salamu, na sasa kwa hiki unachotaka kufanya. Nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi, angalia mwandiko. Mama mdogo alikubebea mzigo ambao ungekuvunja mgongo, akaubeba kimyakimya, na wewe kila ukipita unamwongezea jiwe. Baba anasema nikikwambia nitakuua. Mimi naona usipoambiwa utamuua yeye, na nimechagua. Ukitaka kunichukia kwa kuchagua, nichukie. Hilo nitaliweza.

Ninachokuomba ni kimoja. Usije mbio na machozi, usimpigie magoti, usimwombe msamaha. Akisikia neno msamaha tu atajua nimesema, na atajiona amefanya kazi yote ile bure, na hapo ndipo kweli atafungasha. Piga simu kabla ya Jumamosi. Omba upewe yeye. Mwambie nyumba ni kubwa, watoto wanakuja likizo na wanataka kumkuta. Sema umechoka kukasirika, sema wifi amekugombeza, tunga uongo wowote, wewe hujawahi kukosa maneno. Yaliyobaki lia huko huko, mlango umefungwa, na Jumatatu uingie darasani ufundishe. Najua nakutaka ufanye jambo gumu kuliko kufukuza mtu. Yeye amelifanya mbele yako tangu siku ile ya sebuleni, na hata siku moja sauti yake haikupanda.

Nikomee hapa, mteja wa kwanza amefika na mwenye duka ananiangalia. Msalimu wifi, na watoto wote kwa ukubwa wao na kwa meno yao. Baba anakusalimu. Hajui kwamba nimekuandikia, na asijue.

Mama mdogo naye anakusalimu. Jana nilimkuta anafunga sanduku lake kwa kamba, nikamwambia kesho nina nafasi ya kukuandikia barua ya kawaida tu, je, ana lolote la kukwambia? Alilikaza fundo la kamba kwanza. Akasema nikuulize kama kile kifua kimepona, maana mara ya mwisho ulipoongea na baba alikusikia unakohoa.

Ni mimi,
mdogo wako anayekupenda.